Kabla ya Kumwita Mfanyakazi Mvivu, Tazama Kazi Ilivyopangwa

Kila siku alfajiri, Barabara ya Malindi hujaa watu kuanzia Kiembeni hadi Bamburi Mtambo. Wako wanaokwenda hotelini kuanza zamu ya asubuhi, wako wanaosimama langoni wakitumaini kuitwa kibarua, wako walinzi wanaorudi kutoka zamu ya usiku. Wako pia wauza samaki, mafundi, makanga, na vijana wa bodaboda wanaowabeba wote hao. Takriban kila mmoja wao ana mtu anayemsimamia, au ana watu anaowasimamia, au yote mawili.

Mitaani mwetu husikika malalamiko ya aina mbili. Msimamizi husema, "Vijana wa siku hizi hawataki kazi." Mfanyakazi naye husema, "Bosi hatujali hata kidogo." Mara nyingi wawili hao wanazungumzia mahali pamoja na siku ile ile. Makala haya yanaeleza kwa nini watu hufanya wanavyofanya wanapokuwa kazini, na ni nini kinachoweza kufanywa, na msimamizi na mfanyakazi pia, kabla mambo hayajafika kwenye barua ya kufutwa au kwenye mgomo.

Mfano wa hoteli

Tuseme hoteli moja ya ufuoni ina wahudumu sita wa vyumba. Msimu mdogo unapofika baada ya Pasaka, wawili wanaambiwa wapumzike nyumbani. Wageni wamepungua, lakini hawakupungua kwa theluthi nzima, kwa hivyo wanne waliobaki wanafanya kazi ya watu watano. Baada ya wiki tatu mmoja anaanza kuchelewa, wa pili anaomba ruhusa ya ugonjwa, wa tatu hasemi na mtu. Meneja anaandika barua mbili za onyo.

Ukitazama saa ya langoni, barua hizo ni za haki. Ukitazama orodha ya vyumba, utaona chanzo hakijaguswa. Mwezi ujao zitaandikwa barua nyingine, pengine kwa watu wengine, na hoteli itapoteza wahudumu wanaojua kazi.

Jambo kuu ni hili: tabia ya mtu kazini haitoki moyoni mwake peke yake. Inatokana pia na jinsi kazi ilivyopangwa, malipo yanavyohesabiwa, habari zinavyopitishwa, na kama mtu anasikizwa anaposema. Hili si jambo la vitabuni tu. Mombasa yenyewe imelipitia.

Kibarua na bandari ya Kilindini

Neno kibarua linatokana na barua. Zamani katika miji ya pwani, mtu wa kazi ya kutwa, wakiwemo watumwa waliokodishwa na mabwana zao, alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba siku ile amefanya kazi. Kijikaratasi kile kikampa jina mtu mwenyewe, na jina hilo tunalo hadi leo.

Wakati wa ukoloni, meli zilipotia nanga Kilindini makampuni yalihitaji mamia ya watu kwa siku moja. Siku isiyo na meli hayakuhitaji mtu. Kwa hivyo yakaajiri kwa kutwa. Kibarua alilipwa kwa siku aliyofanya tu, bila likizo, bila nyumba, bila uhakika wa kesho. Naye kwa upande wake alijipangia maisha: siku kadhaa yuko bandarini, siku nyingine yuko shambani bara, au anavua, au yumo katika biashara yake ndogo.

Waajiri na maafisa wa serikali wakalalamika kwamba watu wa pwani hawapendi kazi, kwamba leo wanakuja na kesho hawaonekani. Lakini hebu fanya hesabu ya kibarua mwenyewe. Kama kampuni haikuahidi kukuita kesho, kwa nini uache shamba lako liote magugu ukiingoja? Kampuni ilipanga kazi ya kutwa, ikapata watu wa kutwa. Kilichoitwa uvivu kilikuwa ni jibu la busara kwa kazi isiyo na ahadi.

Siku kumi na mbili za Januari 1947

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gharama ya chakula na kodi za nyumba Mombasa zilikuwa zimepanda kuliko mishahara. Wafanyakazi walikwisha kugoma mwaka 1939 na tume ikaundwa kuchunguza, lakini shida nyingi zilibaki. Mnamo Januari 13, 1947, mgomo mkuu ukaanza. Takriban watu 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa hotelini, hata wapishi na watumishi wa majumbani. Mikutano yao ilifanyika uwanjani, mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo kilipozaliwa chama kilichokuja kujulikana kama African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake mkuu.

Mgomo ulidumu siku kumi na mbili. Watu walirudi kazini baada ya Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kuja Mombasa kuzungumza nao. Serikali iliteua jopo chini ya Jaji Thacker kuchunguza mishahara, na baadhi ya wafanyakazi wakaongezwa malipo. Kibachia naye alikamatwa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa mbali na Mombasa.

Miaka iliyofuata, mpango wa kazi ya bandari ulibadilishwa. Vibarua waliandikishwa, wakatakiwa kutimiza idadi fulani ya siku kwa mwezi, na polepole kazi ya kutwa ikageuka kuwa ajira ya kudumu. Mgomo mwingine wa bandari ulipozuka Machi 1955, Tom Mboya alikuja kusaidia mazungumzo, na chama cha wafanyakazi wa bandari kikaendelea kupata nguvu ya kuketi meza moja na waajiri. Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama yake: waliotaka kuendelea kuchanganya bandari na shamba waliondolewa kwenye orodha. Lakini ikaonekana wazi kwamba kazi ikipangwa upya, mahudhurio nayo hubadilika. Watu wa pwani hawakuzaliwa upya mwaka 1955. Ni masharti ya kazi yaliyobadilika.

Funzo la pili ni la gharama. Shida za mwaka 1947 zilikuwa zikisemwa tangu 1939. Kilichokosekana ni mahali pa kuzisema ambapo msikilizaji alikuwa na uwezo wa kutenda. Mahali hapo pasipokuwepo, uwanja ndio unaokuwa afisi.

Wataalamu wamesema nini

Kati ya mwaka 1924 na 1932, watafiti walifanya majaribio katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, Marekani. Mwanzo walitaka kujua kama mwangaza wa taa unaongeza kazi. Wakashangaa kuona kwamba kazi iliongezeka taa zilipoongezwa, na wakati mwingine hata zilipopunguzwa. Elton Mayo na wenzake walieleza kwamba wafanyakazi waliguswa zaidi na kuulizwa, kutazamwa na kushirikishwa, na pia na urafiki wa kikundi chao. Wasomi wa baadaye wamebishana kuhusu vipimo vile, lakini swali lililobaki ni la maana: je, unamwona mtu, au unaona mikono tu?

Mwaka 1960, Douglas McGregor, naye Mmarekani, alieleza kwamba kila msimamizi ana imani fulani kuhusu watu hata kama hajawahi kuitamka. Wako wanaoamini kwamba mtu kwa asili hapendi kazi, kwa hivyo lazima asukumwe, achungwe na atishwe. Wako wanaoamini kwamba mtu anaweza kujisimamia akijua lengo na akiona maana ya anachofanya. Hatari ni kwamba imani ya kwanza hujithibitisha yenyewe. Nyapara akimchunga mtu kama mwizi, mtu huyo hufanya kazi anapotazamwa tu. Nyapara akigeuka, kazi inasimama. Kisha nyapara anasema, "Mnaona? Niliwaambia."

Kunyamaza si kuridhika

Wasimamizi wengi hupima amani kwa ukimya. Wanasema, "Hapa kwangu hakuna matatizo, hakuna aliyelalamika." Mwaka 1970, mchumi Albert Hirschman aliandika kwamba mtu asiyeridhika na shirika ana njia mbili kubwa: aondoke, au aseme. Wazo hilo lilimjia alipotazama reli ya Nigeria. Wenye mizigo walipokerwa na huduma ya treni hawakupiga kelele, walihamia kwenye malori. Reli ikakosa watu wa kuisukuma ijirekebishe.

Kazini mambo ni hayo hayo. Fundi stadi asiyesikizwa huondoka kimya kimya akaenda kwa jirani. Asiyeweza kuondoka, kwa sababu ana watoto shuleni na kodi ya nyumba, hubaki mwili tu. Anaona mashine inavuja na hasemi. Anaona mgeni amekasirika na anapita. Habari za kweli zikikosekana, uvumi huchukua nafasi yake, na wahenga walishasema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ukisikia uvumi wa kupunguza watu umeenea kazini kwako, jiulize ni lini mara ya mwisho uongozi ulizungumza na watu waziwazi.

Sheria inasema nini

Mengi kati ya haya si hisani ya mwajiri. Ni sheria ya Kenya. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na kinampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaeleza zaidi:

- Mkataba wa maandishi. Ajira ya miezi mitatu au zaidi yapasa kuandikwa, na ni jukumu la mwajiri kuhakikisha imeandikwa.
- Kibarua wa muda mrefu. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo kwa jumla zinatimia mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi. Kumwita kibarua miaka mitano hakumfanyi kuwa kibarua.
- Mapumziko. Kila mfanyakazi anastahili angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Aliyemaliza miezi kumi na miwili mfululizo anastahili likizo ya malipo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka.
- Kusikizwa kabla ya kufutwa. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoweza kazi kwa sababu ya afya, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikize utetezi wake. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mwakilishi wa chama, wakati wa maelezo hayo.
- Unyanyasaji wa kingono. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya kuuzuia, na awajulishe wafanyakazi wote.
- Cheti cha kazi. Anayeondoka baada ya kufanya kazi wiki nne au zaidi anastahili cheti kinachoonyesha alifanya kazi gani na kwa muda gani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa pande zote mbili. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa anapaswa kumjulisha msimamizi wake mara moja, na hawezi kulazimishwa kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Msimamizi aanzie wapi

Huhitaji shahada ili kuongoza watu vizuri. Mambo matano haya hayana gharama kubwa:

1. Uliza kabla ya kuandika onyo. Mtu aliyekuwa akifika mapema akianza kuchelewa, kuna kilichobadilika. Huenda ni zamu, nauli, mgonjwa nyumbani, au kazi iliyoongezwa kimya kimya.
2. Sema kazi nzuri ni ipi. "Fanya kazi vizuri" si maagizo. "Vyumba kumi viwe tayari kabla ya saa nane" ni maagizo, mradi hesabu hiyo inawezekana.
3. Hesabu moja kwa wote. Watu huvumilia malipo madogo kuliko wanavyovumilia upendeleo. Ikiwa saa za ziada hupewa watu wa nyumbani kwa meneja tu, kila mtu anajua.
4. Toa habari mbaya mapema. Msimu mdogo unakuja kila mwaka. Wafanyakazi wakijulishwa mapema nani atapumzika, kwa utaratibu gani na atarudi lini, watajipanga.
5. Onya faraghani, sifu hadharani. Mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake atakumbuka aibu na kusahau kosa.

Naye mfanyakazi ana sehemu yake. Sema shida mapema na kwa maneno wazi, na ikiwezekana kwa maandishi yenye tarehe. Weka nakala ya mkataba, hati za malipo na barua zote. Shida ikiwa ya wengi, isemeni pamoja kupitia mwakilishi. Na kosa likiwa lako, likubali: haki ya kusikizwa si haki ya kutolaumiwa.

Chama, kikundi na afisi ya kaunti

Mambo haya hayaishii viwandani. Kikundi cha wanawake Utange au chama cha bodaboda Kiembeni ni shirika pia. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu hakuna aliyejua nani ana ufunguo, nani ana daftari na uamuzi ulifikiwa vipi. Katiba ya kurasa mbili, hesabu zinazosomwa kila mkutano, na uongozi unaobadilishwa kwa wakati huokoa urafiki mwingi.

Afisi za umma nazo zinapimwa kwa kipimo hicho hicho. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka utumishi wa umma utoe huduma kwa haraka, kwa ufanisi, bila mapendeleo na kwa usawa. Kifungu cha 47 kinampa mkaazi ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa afisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, usiishie kunung'unika kwenye foleni. Uliza jina la msimamizi, andika malalamiko, na udai jibu. Msimamizi wa wadi yuko kwa ajili hiyo pia. Mkaazi anayesema huisaidia afisi kujirekebisha, kuliko anayekata tamaa na kwenda zake.

Miti ya machimbo

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na machimbo yake yakaacha ardhi ya mwamba wa matumbawe isiyo na udongo. Mwaka 1971, René Haller alijaribu kupanda aina 26 za miti mahali hapo. Ni aina tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmoja wao. Haller hakuilaumu miti iliyokufa. Alitazama ardhi. Alipoona majani ya mvinje hayaozi, alileta jongoo wanaoyala na kuyageuza udongo, na miti mingine ikapata pa kuota. Mahali hapo leo ndipo tunapopaita Haller Park, na watoto wetu wa shule hutembea huko.

Anayeongoza watu, awe na wafanyakazi wawili au mia mbili, anaweza kuanza vivyo hivyo. Watu wakishindwa mmoja baada ya mwingine mahali pale pale, tazama ardhi kwanza.

Ukiwa na tatizo kazini

Masuala ya ajira yako chini ya serikali ya kitaifa kupitia Wizara ya Leba. Anza kwa msimamizi wako, kisha mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama kipo. Pasipopatikana suluhu, nenda kwa afisa wa leba hapa Mombasa ukiwa na stakabadhi zako. Ukifutwa na unaamini haikuwa haki, sheria inakupa miezi mitatu tangu siku ya kufutwa kupeleka malalamiko yako kwa afisa huyo. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo ina kituo Mombasa. Usingoje hadi tarehe ipite.